Nilivyopasuliwa mara mbili: kwa kisu, kisha kwa matundu

Mwaka 2016 nilitolewa faibroidi, yaani uvimbe wa kwenye kizazi, kwa kufunguliwa tumbo. Mwaka 2023 uvimbe wa sentimita 7 kwenye ovari ya kushoto ulitolewa kwa matundu madogo tumboni, bila kufunguliwa. Wenzangu wakiniuliza ipi afadhali, huanza na safari ya kurudi nyumbani.

Mara ya kwanza nililala wodini siku 4. Bajaji ilipovuka tuta la kwanza Mbagala nilijikunja, mto nimeukumbatia tumboni, mama kanishika mkono. Wiki 6 sikuinua ndoo. Hata kukohoa, mpaka nibane mshono kwa kanga iliyokunjwa. Lakini siujutii upasuaji ule. Faibroidi zilikuwa nyingi, nyingine zimejichimbia kwenye ukuta wa kizazi, na daktari alitaka kuzipapasa kwa mkono na kushona vizuri.

Mara ya pili nilikuwa nimeshajua kuuliza. Huu uvimbe una dalili za saratani? Umeshawafanyia wangapi kwa njia hii? Na ikishindikana? Hilo la mwisho ndilo lililonisaidia zaidi. Daktari alinijibu: "Dada, una kovu la zamani, utumbo unaweza kuwa umeshikana nalo. Tukiona hatari tunafungua." Nikasaini nikijua naweza kuamka na mshono mrefu.

Niliamka na plasta 3 ndogo, moja kitovuni. Uvimbe ulikuwa wa mafuta na nywele. Waliutia kwenye kifuko cha plastiki humo humo ndani ndipo wakautoa, usije ukamwagika.

Kilichonitisha ni bega la kulia. Usiku kucha lilichoma, nikadhani ni moyo. Nesi akanieleza: tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili wapate nafasi ya kuona, na inayobaki huchokoza msuli ulio chini ya mapafu, maumivu yake husikika begani. Akaniinua, tukatembea korido mara tatu, taratibu. Jambo hili kila mgonjwa angeambiwa kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Kesho yake nikaruhusiwa. Bili ilizidi ile ya kwanza, ila wiki ya 3 nilikuwa dukani kwangu. Majibu ya maabara yakaja: si saratani. Na ovari ninayo bado, daktari aliumenya uvimbe akaiacha.