Tuisheni ya dogo
Jamani wazazi wenzangu wa Dodoma, mwanangu yuko la nne, mtihani wa taifa wa NECTA huo unakuja na hesabu zinamtesa, yaani akiona kugawanya tu machozi. Nimezunguka tuisheni za Nkuhungu mpaka Kisasa, moja watoto wamejazana kama daladala ya Sabasaba jioni, mwalimu anaandika ubaoni wao wanakopi basi, hamna anayeangalia nani kaelewa. Nyingine wamebandika matokeo ya A tupu ukutani, nikauliza mtoto mzito kuelewa mnamuanzia wapi, kimya 😅 Saivi yuko kwa kijana mmoja wa chuo cha UDOM anayefundisha watoto wachache barazani, alimpima kwanza akakuta shida ni tebo za kuzidisha, hajazishika tangu la pili huko. Bei imechangamka kidogo ila dogo anaenda mwenyewe bila kusukumwa.