Jumapili ya Kwanza Baada ya Arubaini

Mama alikuwa amekaa Toronto zaidi ya mwezi mmoja na nusu bila kuona kitu ila jiko langu, dirisha la sebuleni na duka la mboga lililo chini ya jumba letu la ghorofa, Scarborough. Alikuja kutoka Mombasa mwaka 2014 kunilea uzazi wa mwanangu wa kwanza, na kazi hiyo aliifanya vilevile alivyofanyiwa yeye Kibokoni. Kukandwa maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga, supu ya kuku, tumbo limefungwa leso, mlangoni sitoki. Arubaini ilipotimia tukasafisha nyumba, nikaoga, akanifukiza udi. Jumamosi ile ya mwezi wa Mei, usiku, nikamwambia, "Mama, kesho hupiki. Kesho nakutoa mimi."

Nilitaka akale kile watu wa mji huu wanachokula Jumapili kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wanachokiita branchi: chakula cha asubuhi kilichocheleweshwa mpaka kikakutana na cha mchana. Neno lenyewe lina asili ya Uingereza. Mwaka 1895 mwandishi Mwingereza, Guy Beringer, aliandika kuwatetea watu waachwe walale Jumapili, kisha waamkie mlo mmoja mwepesi wa kuanzia chai au kahawa, badala ya zile nyama nzito za baada ya kanisa. Nilipomweleza Mama akaniuliza, "Sasa hiyo si chai ya saa nne?"

Na kweli. Kwetu Jumapili haikuanza mpaka mahamri na mbaazi vifike mezani, na havikuwahi kufika mapema. Mbaazi zilirowekwa tangu usiku, zikachemshwa hadi zikawa laini, ndipo zikatiwa tui jepesi na kitunguu, pilipili mbichi na manjano, na mwisho kabisa tui zito, moto ukiwa umepunguzwa ili lisikatike. Hamri likipasuliwa linatoa mvuke wa iliki, ndani lina uwazi, na uwazi huo ndio kijiko chako. Shangazi, majirani, wajomba waliopita "kusalimu tu", wote walijua saa ya kupita. Nimeishi Kanada miaka sita kabla ya Mama kuja na sikupata kuona mtu akila mbaazi za nazi mgahawani.

Mahali nilipomchagulia nilipaona gazetini, kwenye orodha ya migahawa bora ya branchi mjini. Palikuwa upande wa magharibi wa College Street, mbali na kwetu. Mume wangu alikuwa ametoka kazi ya usiku, tukamwacha alale. Mtoto nikambeba kwa leso kifuani, Mama akavaa buibui lake na juu yake koti langu la baridi, ingawa watu wengine walikuwa wameshavaa mikono mifupi. Tulisimama kwenye foleni nje dakika hamsini. Mama hakulalamika. Alikuwa akinipapasa mgongo, akiniuliza kama kiuno kinauma.

Ndani tulimweleza mhudumu mara mbili kwamba hatuli nguruwe. Niliagiza mayai ya Benedict, yale yanayochemshwa bila ganda, yakawekwa juu ya kimkate cha duara na kumwagiwa mchuzi mzito wa siagi na viini vya mayai, na kwa Mama nikaagiza mayai na chapati za maji nene za kuliwa na asali ya mti wa maple. Sahani zikaja, na kwenye ya Mama vipande vya nguruwe vimelazwa juu ya mayai yenyewe, mafuta yameshachuruzika mpaka kwenye chapati. Nikamwita mhudumu. Akasema tuviondoe tu, tuviweke pembeni.

Mama akaifunika sahani kwa kitambaa cha karatasi, taratibu, kama anavyofunika kitu asichotaka mtoto akione. "Lipa, mwanangu, twende zetu."

Nililipa dola 46. Nje nikalia. Mzazi wa siku arubaini machozi yako karibu, lakini sababu ilikuwa ya kweli: mama yangu amevuka bahari, amenikanda, ameamka usiku kila mtoto alipolia, na siku moja niliyotaka kumlisha mimi nimemsimamisha barabarani akaletewa haramu.

Akaniacha nilie. Kisha akauliza, "Mahali hapa alikwambia nani?"

"Nimesoma gazetini."

"Gazeti lina tumbo? Kazini kwako hakuna watu? Hao Jumapili hula nini?"

Swali lile sijalisahau, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo siku zote bila kulijua. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na katika mji ambao karibu nusu ya wakazi wake wamezaliwa nchi nyingine, chumba chetu cha kupumzikia ndicho kilichokuwa na orodha ya kweli. Muuguzi Mfilipino alikuwa akitusimulia wali wa kukaanga kwa kitunguu saumu, na yai na samaki mkavu juu yake, unaopatikana karibu na makutano ya Bathurst na Wilson. Mpishi wetu Mjamaika hakuipita Jumapili bila ackee na samaki wa chumvi kutoka Eglinton Magharibi. Ackee ni tunda, likipikwa utadhani ni mayai ya kuvuruga. Dada wa Kihabeshi alinisifia ful, yale maharage ya kupondwa, ya Danforth, na injera, mkate wao mwembamba, iliyokatwakatwa ikachanganywa na samli ya viungo. Waliotoka Hong Kong walikwenda na wazazi wao Agincourt, si mbali na kwangu, ambako vikapu vya mvuke husukumwa kwa vigari kati ya meza, nawe unaonyesha kidole unachotaka. Na mlinzi wa zamu ya usiku, mtu wa Lahore, alinisisitizia zaidi ya mara moja: halua puri, Gerrard Street, Jumamosi na Jumapili tu, na uwahi, kwa sababu puri zikiisha zimeisha.

Hapo tuliposimama ndipo ilipopita tramu namba 506, ambayo huanza magharibi, ikapita College na Carlton, ikaingia Gerrard na kuendelea mashariki. Hatukuhitaji hata kubadilisha. Mama akakaa dirishani. Tulipita Spadina, mabango ya Kichina. Tukavuka daraja la mto Don. Mabango ya Kichina tena, kwenye mtaa mwingine wa Wachina ambao hata mimi sikuwa nimewahi kuuona. Halafu kidogo kidogo yakaanza maandishi ya Kihindi na Kiurdu, vioo vya maduka vimejaa sari na bangili. Mama akajivuta mbele kwenye kiti. "Hapa," akasema, kabla sijakibonyeza kitufe.

Sehemu ile ya Gerrard ilianza kuwa mtaa wa Wahindi mwaka 1972, sinema ya Naaz ilipofunguliwa kuonyesha filamu za Kihindi. Watu wakaja kutoka mbali kutazama, wakataka chakula, wakataka viungo, maduka yakafuata. Mama, aliyekulia Mombasa akienda na shoga zake maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao, akilia na kuimba nyimbo ambazo hakujua maana ya nusu ya maneno yake, hakuhitaji kuelezwa jinsi sinema inavyoweza kujenga mtaa.

Mgahawa ulikuwa na meza za plastiki na kelele. Familia za watu wanane wanane, watoto wamekaa juu ya mapaja ya babu. Puri zilitoka jikoni zimefura kama mipira, zikanywea zikifika mezani. Dengu nene, zile chana, katika mchuzi mwekundu, achari ya embe, na halua ya suji yenye rangi ya chungwa, vyote kwenye sahani moja, na chai iliyochemshwa ndani ya maziwa. Mama alikata puri, akachota, akala kimya tonge tatu nne. Nilimtazama kinywa kama ninavyomtazama mtoto anaponyonya.

"Halua hii si halua," akasema. "Lakini tamu. Na dengu hizi zilitaka nazi." Akachota tena. "Nazi tu."

Meza ya pili alikuwa bibi mmoja wa Kihindi na mumewe. Aliposikia neno nazi akageuka. "Nyinyi watu wa wapi?" akauliza, kwa Kiswahili.

Yeye alizaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku tisini waondoke, alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Ndege yao ilitua Montreal. Tangu hapo Kiswahili alikuwa nacho cha nyumbani tu, cha kuzungumza na mumewe wasipotaka wajukuu waelewe. Mama akamsogezea kiti. Dada huyu, dada yule, wakaulizana habari za watu waliokwisha kufa. Chai ikaongezwa mara mbili. Kisha yule bibi akauliza Jumapili sisi tunakula nini nyumbani, na Mama aliposema mbaazi yeye akapiga meza kwa kiganja. "Bharazi! Mandazi na bharazi!" Kumbe Wahindi wetu wa Afrika Mashariki walipovuka walilibeba hata neno, wakalizungusha kidogo mdomoni mwao likawa lao.

Alikuwa na jirani, mtaa wa Don Mills, mzaliwa wa Dar es Salaam, anayepika bharazi nyumbani kwake Jumapili. Hana duka wala bango. Unampigia simu Ijumaa, Jumapili saa nne unakwenda na sufuria yako. Na ukimjua vizuri, akasema, anakwambia ukae ule hapohapo. Akaandika namba nyuma ya risiti, akaisoma kwa sauti mara mbili ili Mama aihakikishe.

Kwenye tramu mtoto alikuwa amelala. Mama alikuwa ameishika ile risiti kwa vidole viwili, hakuitia mfukoni.

"Safari yangu lini?" akaniuliza, ilhali tarehe aliijua.

"Tarehe kumi na tano Juni."

Akahesabu kwa kidole gumba kwenye pingili za vidole, kama anayevuta tasbihi. "Jumapili tatu," akasema. "Siku yenyewe ya safari siihesabu." Kisha akanipa ile risiti. "Ijumaa mpigie. Mwambie tuko wanne, pamoja na mtoto."