Mjomba Alijua Kabla Yetu

Mjomba wangu tulimuuguza miezi saba nyumbani kwetu Mtanda, hapa Lindi mjini, kwa saratani ya koo la chakula, na katika miezi mitatu ya mwanzo hakuna aliyethubutu kuutaja ugonjwa huo mbele yake. Tulimwambia ni vidonda vya tumbo. Hata tuliporudi kutoka Ocean Road, Dar es Salaam, alikopigwa mionzi, tuliendelea kusema ni vidonda, kana kwamba mtu mzima anaweza kukaa wiki kadhaa katika hospitali ya saratani asijue yuko wapi.

Aliyetutoa katika mchezo huo ni mnasihi, mama mmoja muuguzi aliyesomea tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na kumfariji mgonjwa asiyetarajiwa kupona pamoja na jamaa zake. Alimwamkia mjomba, akaketi mkekani, akamuuliza: "Mzee, wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa wako?" Mjomba alimtazama mkewe aliyekuwa anakuna nazi mlangoni, kisha akajibu: "Mwanangu, mimi nina saratani. Hawa ndio hawajui." Mbuzi ya nazi ilinyamaza.

Sisi tumezoea kwamba nasaha ni kuitwa na wakubwa ukaambiwa la kufanya, kwa hiyo nilitarajia mawaidha. Mama yule hakutoa mawaidha hata siku moja. Aliuliza, akasubiri, na kimya kilipozidi hakukimbilia kukijaza. Alinieleza kwamba daktari Mwingereza, Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona jijini London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa wa aina hiyo hayako mwilini peke yake: yamo pia katika hofu, katika jamaa na riziki, na katika imani yake, na yasiposhughulikiwa yote, dawa pekee haitoshi.

Niliyaona hayo kwenye chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu. Mkazamjomba alikuwa akiificha nyuma ya mtungi, kwa kuwa jirani alimwambia kuwa dawa hiyo hupewa mtu anayekata roho, naye mjomba alikuwa akiuma shuka usiku kucha. Mnasihi hakumgombeza. Alimuuliza anaogopa nini, akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akamfafanulia kwamba dawa hunywewa kila baada ya saa nne bila kusubiri maumivu yapande, na kwamba itafunga choo, hivyo apewe na ya kulainisha. Tangu siku hiyo mkazamjomba alichora mistari ya mkaa ukutani, mstari mmoja kwa kila dozi.

Kisha mnasihi akanigeukia mimi. "Na wewe unalala saa ngapi?" Nilianza kumweleza habari za mgonjwa, akanikatiza kwa upole: "Nimekuuliza wewe." Nililia pale pale, mbele ya shemeji zangu, jambo ambalo mwanamume wa kwetu halifanyi kwa hiari. Nilikuwa nimefunga duka, nadaiwa, na kuna usiku niliomba mjomba afe ili nami nipumzike. Dhambi hiyo sikuwa nimemwambia mtu. Alisema wanaouguza wengi hulifikiria jambo hilo na hawalisemi, akatupangia zamu za usiku kwa majina, shemeji nao wakiwemo.

Laiti angekuja mapema. Tulimpata kwa kubahatisha, baada ya kuzungushwa kutoka dirisha hadi dirisha katika hospitali moja ambako hakuna aliyetuambia kuwa huduma hiyo ipo, na miezi ile mitatu ya uongo hairudi.

Miezi iliyobaki mjomba aliitumia kwa mazungumzo. Kwa sisi Wamwera mjomba ndiye mwenye kauli, na jioni moja alinieleza shamba la mikorosho mti kwa mti: upi mpaka, upi wa dada zake, upi alioupanda mwaka aliooa.

Alifariki usingizini. Siku chache baada ya arobaini, simu ya mkazamjomba iliita. Alikuwa mnasihi, akitaka kujua kama anakula.