Siku redio ilipomwadhinia bibi jua likiwa juu

Juzi tuko kwenye daladala na mwanangu, foleni ya Buguruni haisogei, redio ya dereva ikaadhini magharibi. Konda akapitisha kifuko cha tende, kila abiria akachukua moja. Mwanangu kaitafuna nusu akaniuliza, "Mama, na bibi wa Ujiji naye anakula saa hizi?" Nikamwambia bado, kule Kigoma jua liko bado juu ya milima ya Kongo, wao mpaka dakika kama 40 hivi zipite. Akaendelea kutafuna. Mimi tende yangu nikabaki nimeishika tu.

Hizo dakika 40 nina historia nazo.

Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni. Nimemaliza form four, niko nyumbani, kazi yangu kubwa ni bibi yangu mimi, yule mzaa mama. Macho yalishaziba kwa mtoto wa jicho, ndani kwake anatembea kwa kupapasa ukuta, na dunia yake yote ilikuwa ile redio ndogo iliyofungwa mpira wa baiskeli mgongoni kwa sababu kifuniko kilishapotea zamani. Betri zake nilikuwa naanika dirishani kila asubuhi zipate nguvu.

Redio yenyewe aliyokuwa anasikiliza ilikuwa ya pale pale mjini, walioishi Kigoma miaka ile mnaijua, jina naliacha. Ilikuwa haina makubwa. Asubuhi wanakwambia boti ya Kagunga leo haiondoki ziwa limechafuka, dagaa Kibirizi wameamkia bei gani, mbuzi mweusi kapotea Gungu mwenye kumwona ampeleke kwa mjumbe, halafu vifo, kaondokewa fulani wa Mwanga, habari ziwafikie ndugu wa Ilagala na Uvinza, maziko saa kumi. Ramadhani ikifika mtangazaji anashika kalenda ya msikitini mkononi na anaadhini kwa jua letu, "kwa Kigoma mjini, Ujiji na wenzetu wa Kalinzi huko milimani." Bibi akisikia Kalinzi anatabasamu, aliwahi kuwa na shoga huko.

Mwezi Mei ikauzwa. Kaka mmoja wa mtaani aliyekuwa anasoma matangazo pale ndo alitueleza, kwamba tangazo la msiba linaingiza elfu mbili tatu, wakati dizeli ya jenereta haijali nani kafiwa, na leseni inataka hela yake kila mwaka. Matangazo yenye pesa, ya simu na soda, yananunuliwa Dar, na anayenunua anataka kituo kimoja kinachosikika nchi nzima, hana muda wa kuzunguka kwenye vituo vidogo kimoja kimoja. Kwa hiyo studio ikafungwa, pakabaki kijumba, dishi la kupokea sauti ya Dar, mnara na mlinzi. Masafa yale yale, ukiwasha inaongea kama kawaida. Ila sasa ikawa jingo linapigwa, zinatajwa namba za masafa ya mikoa kwa mkupuo mmoja, Arusha, Mwanza, Mbeya, na Kigoma imo humo katikati, ukikohoa imekupita. Asubuhi tunaambiwa Ubungo hakupitiki.

Na nisiseme kwamba kila kinachotoka Dar ni kibaya maana bibi mwenyewe alikua na RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam ya serikali, enzi hizo kabla ya sheria ya 1993 kuruhusu redio za watu binafsi huku bara hapakuwa na nyingine ya nchini, na aliipenda kwelikweli, nayo ilikuwa inasoma salamu na vifo vya mikoani mpaka mtu wa Kibondo anasikia jina la kijiji chake. Kwa hiyo umbali peke yake sidhani kama ndio tatizo. Sijui niiteje. Ninachojua ni kwamba wiki ya pili ya ile redio mpya bibi aliniita, akaniuliza taratibu kabisa, "Mke mwenza, siku hizi watu hawafi?"

Sikuwa na jibu.

Sasa siku yenyewe, Ramadhani mosi. Umeme ulikatika tangu mchana, Kigoma wakati ule tunategemea majenereta ya dizeli, gridi ya taifa ilikuwa bado haijatufikia, na umeme ukikatika spika ya msikiti nayo inanyamaza, muadhini anaadhini kwa mdomo mtupu na kwetu sauti inafika kama mtu anaita ng'ambo ya bonde. Ndiyo maana bibi aliitegemea redio. Mama alikuwa kwa mama mdogo, mimi nimetumwa migebuka, nikachelewa kwa kubembeleza bei. Narudi mbio na ndoo ya samaki, saa 12 na dakika 20 hivi. Juni Dar jua linazama kama saa 12 na robo. Ujiji linakaribia saa 1.

Chumba cha bibi mlango wake unatazama ziwani. Nilipoingia jua lilikuwa limeingia kabla yangu, limelala kwenye mkeka lote, rangi ya mawese. Bibi kakaa katikati yake. Redio pembeni inapiga kaswida. Mbele yake bakuli la uji wa pilipili manga limeshafika nusu, kwenye kisahani kuna kokwa mbili za tende zimepangwa vizuri pamoja, na tende ya tatu iko mkononi. Akasikia hatua zangu akasema, "Karibu futari, mke mwenza, umechelewa wenzio tumeshaadhiniwa."

Nikasimama na ndoo yangu. Mwanga ulikuwa umempiga kuanzia kiwiko mpaka vidole, naona mpaka mishipa. Halafu nikaona ule mkono unageuka. Anaugeuza kiganja juu, kiganja chini, polepole, kama mtu anayejaribu maji ya mtoto kama yamepoa.

"Jua limetua?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Limetua, bibi."

Na saumu yangu nimeifunga, nikamwambia hivyo. Nikausukuma mlango kwa mguu ukafunga, ule mwanga ukamtoka mkononi. Akakaa kidogo. Kisha akala ile tende.

Mimi nikatoka uani nikawa naparua samaki nalia, mpaka ile sauti ya mdomo mtupu ikatoka msikitini, inakaribia saa 1. Nikanywa maji. Kupitia dirishani nikamwona bibi kainua kichwa, kakiegemeza upande unakotokea msikiti. Hakusema kitu, na kesho yake asubuhi nilipochukua betri nikazianike akasema ziache, "magharibi utaniambia wewe." Akazoea hivyo mwezi mzima. Mimi nikimwambia bado anasubiri, nikimwambia tayari anakula, na kila nikisema tayari moyo unanidunda hata kama kweli ni tayari.

Kwa madhehebu yetu ukila kabla jua halijazama, hata kwa kukosea, siku ile unailipa. Nilikuwa nalijua hilo. Nilijipa moyo kwamba asiyejua hana deni, deni ni langu mimi niliyemdanganya, na hata sasa nikimuuliza ustadhi naona aibu kumaliza kuhadithia.

Idi ikapita, bibi akafunga sita za Shawwal, zile za sunna baada ya Ramadhani, kama kawaida yake. Nilikuwa nazihesabu, nampikia mimi daku. Siku iliyofuata akaniamsha, akataka daku tena. Nikamwambia bibi umemaliza, sita zimetimia jana. Akasema, "Najua. Nipe maji."

Sikuuliza. Naye hakusema ile ya saba ilikuwa ya nini.

Alifariki 2019. Msiba tuliutangaza kwenye magrupu ya WhatsApp, na watu walifika wengi tu, hata wa Dar walituma rambirambi ndani ya saa moja. Ila palikuwa na mzee wa kike wa Ilagala, wamekua pamoja, simu hana. Alifika tunaanua tanga. Kashuka na kikapu cha mihogo na dumu la mawese, kaja kumtembelea mwenzie, anapiga hodi mlangoni huku anamwita kwa jina.