Picha Tuliyoikataa

Leo nimekabidhi daftari la kikundi chetu cha wanafunzi, kinachowasaidia wasichana wa shule ya jirani. Ni daftari la kawaida tu, jalada limeanza kuchanika, lakini ndani yake umo kila mchango ulioingia na kila kilichotoka kwa miaka miwili. Aliyelipokea ni msichana wa mwaka wa kwanza. Nimerudi chumbani, usingizi umegoma, basi naandika.

Kikao chetu cha kwanza tulikuwa wasichana tisa na wavulana wawili. Ilipofika zamu ya kuchagua viongozi, macho yote yaliwaelekea wale wawili. Hakuna aliyetuagiza. Sisi wenyewe tulimpa mmoja wao uenyekiti, nami nikapewa ukatibu kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Yule kijana alikuwa mchapakazi, tena ndiye aliyeshauri kwamba mwaka unaofuata tupige kura ya siri. Sina kinyongo naye hata kidogo. Kinachoniuma mpaka leo ni jinsi tulivyojipanga nyuma kabla hajatokea wa kutupanga.

Mradi wenyewe ulikuwa wa taulo za kike kwa wasichana wa shule ya msingi jirani. Tulichagua tarehe 28 Mei, ambayo tangu 2014 ni Siku ya Hedhi Salama duniani: mwezi wa tano kwa sababu hedhi huchukua wastani wa siku tano, na tarehe 28 kwa ajili ya mzunguko wa siku 28. Niliipenda hesabu hiyo, nikaieleza kwa furaha mbele ya wanafunzi. Nilipomaliza, msichana mmoja akanyoosha mkono: "Dada, tukishazitumia tutazitupa wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulipokwenda vyooni tukakuta milango haina komeo, maji yako mbali, na pa kutupia hapapo. Baadaye mwingine akaninong'oneza kuwa wako wenzake wasio na chupi za kutosha, na taulo bila chupi haikai. Miezi mitatu tulikuwa tumehangaika kukusanya michango na hatukuwahi kwenda kuwauliza wenyewe wanahitaji nini.

Kikao cha jioni ile kilikuwa kizito. Nilizoea kuanza kila hoja yangu na "samahani, labda nimekosea, lakini..." Siku hiyo nilisema tu: tusinunue kitu kingine chochote mpaka tukae na wasichana wale na walimu wao, tuwasikilize. Wakakubali. Nilishtuka kuisikia sauti yangu ikiwa imenyooka vile.

Muhula uliofuata fedha zilikwenda kwenye makomeo, pipa la maji lenye bomba, sabuni, chupi na tanuri dogo la kuchomea taka. Taulo zilikuwa chache kuliko mara ya kwanza. Nilijifunza kupatana na fundi, kudai risiti bila kuona haya, na kuandika kumbukumbu za kikao zinazotaja nani atafanya nini na lini. Kabla ya hapo nilikuwa naandika maneno mengi yasiyomfunga mtu.

Kisha akaja mfadhili. Wakati huo mimi ndiye mwenyekiti. Alikuwa tayari kutugharimia mwaka mzima, sharti lake moja: picha ya wasichana wameshika taulo, sura zionekane, iwekwe kwenye bango. Kamati ikagawanyika. Mweka hazina wetu, msomaji sana, akanikumbusha Eglantyne Jebb, Mwingereza aliyekamatwa London mwaka 1919 kwa kugawa vipeperushi vyenye picha ya mtoto wa Austria aliyedhoofu kwa njaa. Alitozwa faini ya pauni 5, na mwaka huohuo yeye na dada yake Dorothy Buxton wakaanzisha Save the Children, shirika la kusaidia watoto. "Picha ile iliokoa watoto," akasema. Ni kweli, na ilinikosesha raha usiku kucha.

Kesho yake nikamjibu kwamba Jebb hakuishia kwenye picha. Aliandika tamko la haki za mtoto ambalo Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, lililipitisha mwaka 1924, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 ukaenda mbele zaidi: ibara ya 12 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, ibara ya 16 inalinda faragha yake. Basi tukawaulize. Tukaenda, mimi na mweka hazina, tukakaa nao chini ya mti. Wakasema hapana. Mmoja akaongeza: "Pigeni picha milango."

Tulituma picha ya milango. Mfadhili hakujibu tena, na kwa mihula miwili tulibana matumizi mpaka tukachoka. Wapo wenzangu wanaoamini hadi leo kwamba nilikosea, na nawaelewa, kwa sababu sabuni iliisha kabla ya muhula kwisha na ni wasichana walewale walioikosa. Hata hivyo ningekataa tena.

Leo, nilipomkabidhi daftari, yule binti aliniuliza: "Na nikikosea hesabu?" Nikamfungulia ukurasa ambapo niliandika mchango mmoja mara mbili, umekatwa kwa wino mwekundu, na chini yake tumetia saini watu watatu. Aliusoma taratibu, mstari kwa mstari. Kisha akaniomba kalamu, akafungua ukurasa mpya na kuandika tarehe.