Diski mbili kwenye seva ya nyumbani

Ukiunganisha diski mbili kwa ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili) kwenye Debian (aina ya Linux), ili kila moja iwe na nakala ileile (mirror), usitumie majina kama /dev/sdb. Yanaweza kubadilika kompyuta ikiwashwa upya. Tumia yaliyomo /dev/disk/by-id, yenye namba ya diski yenyewe:

zpool create -o ashift=12 hifadhi mirror (diski ya 1) (diski ya 2)

Hiyo ashift=12 ni ya sekta za baiti 4096, na haibadilishiki baadaye. Epuka kabisa diski za SMR (ambazo mistari ya data hupandana, hivyo kuandika upya ni polepole): moja ikifa, kuijaza data diski mbadala kunaweza kuchukua siku kadhaa.

Scrub (ukaguzi wa data yote) ya kila mwezi Debian huiendesha yenyewe. Kazi yako ni kusoma safuwima ya CKSUM (idadi ya makosa ya data) kwenye matokeo ya amri zpool status. Namba zikipanda, anza kukagua kebo ya SATA kabla ya kulaumu diski.

Na mirror si bekapu. Ukifuta faili, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo, kwa hiyo weka nakala nyingine kwenye diski ya USB isiyochomekwa muda wote.