Mkono chini ya mgongo

Jumamosi iliyopita maji yalikuwa mafu, mkondo umelegea, nikawapeleka watoto kumi na mmoja ufukweni Shela, kisiwani Lamu, kwa somo la kuelea. Kuelea hakufundishwi kwa mdomo. Mtoto sharti alale chali, masikio yazame, na kiganja cha mtu kiwe chini ya mgongo wake mpaka mwili uyaamini maji. Kabla ya kumgusa humwambia: "Nitakushika hapa, katikati ya mabega. Sawa?" Wengi huitika, "Naam, ami." Mmoja, wa miaka tisa, alitikisa kichwa. Nikamletea dumu tupu la lita 5, akalikumbatia, akapiga miguu mpaka akachoka. Sikumuuliza kwa nini.

Mwaka wa kwanza wa kujitolea sikuwa na desturi hii ya kuuliza. Jioni moja mvulana aliachwa na wenzake, nikampakia kwenye mashua yangu, sisi wawili tu, tukafika Amu, yaani Lamu mjini, giza limeshaingia. Mamake alikuwa akingoja gatini. Alinishukuru, kisha akasema: "Mlikuwa wangapi chomboni?" Nilikasirika. Mimi, mtoto wa hapa hapa, ambaye babangu amevusha watu maisha yake yote, leo naulizwa hivyo? Usiku ule sikulala.

Lakini yule mama angeuonea wapi moyo wangu? Na nikiuzoesha mtaa kuona mtu mzima akiondoka na mtoto mmoja gizani, atakayekuja kesho na nia mbaya nimeshamtayarishia jibu: mbona fulani hufanya.

Tangu hapo chombo hakitoki bila watu wazima wawili. Mwenzangu akiugua hakuna somo, hata watoto wakilia. Wasichana hufundishwa na dada wawili. Ujumbe wa simu huenda kwenye kundi la wazazi, siyo kwa mtoto. Miwani ya kuogelea ikinunuliwa ni ya wote. Na mgeni wa wiki mbili, hata awe na roho nzuri namna gani, kamera yake hubaki mkobani watoto wakiwa wamevua shati.

Wako wanaosema haya yameletwa na mashirika. Sikubali. Nyumba zetu za mawe zina daka, ukumbi wa mlangoni: mgeni hukaa pale barazani, wapita njia wakimwona, wala hajihisi ametukanwa. Nikimsaidia mtoto hesabu hukaa naye hapo hapo dakani.

Kinachonitia hofu hasa ni vile tunavyoitumia sitara. Mtoto anasema ameguswa, anaambiwa nyamaza, ni aibu. Wazee wanakaa, pesa zinalipwa, na yule mtu Jumatatu yuko na watoto tena. Hapa Kenya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ipo tangu 2006, na Sheria ya Watoto ni ya 2022. Haya ni ya polisi na ya afisa wa watoto. Sitara apewe mtoto, jina lake lisizungushwe mitaani. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo, na inapokelewa mchana na usiku. Nimeipaka rangi ndani ya mashua, mbele ya pale watoto wanapokaa, ili waisome kila tunapovuka.

Anayetaka kujiunga nasi huleta cheti cha tabia njema, kile cha kuchukuliwa alama za vidole. Nakipokea, kisha naitazama mikono yake siku ya kwanza majini. Mwezi uliopita kijana mmoja aliambiwa na mtoto "sitaki", akacheka, akamvuta kwa nguvu, eti anamtoa woga. Nilimwomba asirudi. Cheti chake hakikuwa na doa.

Kwa hiyo tumepungukiwa mtu. Jumamosi hii ni bamvua, maji makubwa, hatutoki. Ile inayofuata maji yatakuwa mafu tena, na dumu nimeshalisuuza.